Gunia la Mwisho la Zarwali

Nilipokuwa nikiondoa vitu vya Mama katika nyumba yake ya Alby, pembeni mwa Stockholm, nilikuta juu kabisa ya kabati la jikoni, nyuma ya sufuria za Krismasi, kopo la kahawa. Nilijua halina kahawa kabla sijalifungua, kwa uzito wake na kwa mlio wa vitu vidogo vigumu vilivyogongana ndani. Nilipong'oa kifuniko harufu ilinipanda puani: mafuta yaliyochacha, na nyuma yake, kwa mbali, utomvu wa msonobari. Nilikaa sakafuni nikiwa na koti langu mwilini. Mama hakuwa mtu wa kuacha chakula kiharibike. Alikuwa mtu wa kukukaripia kwa punje moja ya wali iliyobaki kwenye sahani. Lakini mbegu zile za msonobari alizitunza tangu mimi niko shule ya msingi, na najua hakuonja hata moja.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye majengo yale ya kupanga mnakumbuka ngazi zetu zilivyokuwa. Kila mlango ulikuwa na nchi yake na namna yake ya kukaanga kitunguu, na lifti iliharibika siku ile ile mama zetu waliporudi kutoka sokoni Skärholmen na mifuko ya mchele. Sisi tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Yeye alikuwa mwenyeji wa Bujumbura, akapitia kambi ya wakimbizi Tanzania hadi kufika Uswidi, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiswidi majumbani mwao. Alinisemesha Kiswahili, nami nikamjibu Kiswidi, naye akajifanya hajasikia mpaka nirudie.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa kina Palwasha. Palwasha alikuwa rika langu na darasa langu. Walikuwa Wapashtuni, wametoka Waziristan, milima ya Pakistan inayopakana na Afghanistan, lakini ukimwuliza yeyote kati yao kwao ni wapi, hakutaja nchi wala mkoa. Alitaja tarafa. Jina la tarafa hiyo nalikumbuka vizuri, ila nitaliacha lipumzike, maana limeshatajwa vya kutosha kwenye taarifa za habari, na kila mara kwa ubaya.

Baba yake Palwasha alikuwa dereva wa basi, mwanamume wa mabega mapana na sauti ndogo. Ndiye aliyetangulia kuja, akamleta mkewe, mwishowe akamleta na mama yake mzazi aje atibiwe moyo. Bibi huyo tulimwita Adey kama walivyomwita wao. Maana yake ni mama tu. Kule tarafani alibaki mwanawe wa mwisho, Zarwali. Zarwali alikataa kuondoka kwa sababu nyumba na misonobari, walisema, haviachwi bila mwanamume.

Adey hakujua Kiswidi, ila alikuwa na sinia la bati, na tukitoka shule alilifanya tarafa. Birika lilikuwa ngome ya serikali, yenye bendera. Vikombe vilikuwa nyumba, ambazo kwao zina kuta ndefu za udongo na mnara pembeni. Tasbihi yake aliilaza katikati ikawa barabara, ile moja tu inayopita sokoni. Mbegu za msonobari zilikuwa watu. Alizipanga huku na huku akisimulia, Palwasha akinitafsiria: hapa ndipo wazee hukaa kuamua kesi, hapa jeshi limeweka kizuizi, hapa palikuwa na shule ya wasichana. Mbegu moja hakuiweka siniani. Aliifumbata kiganjani muda wote, na hakuna aliyehitaji kuuliza huyo ni nani.

Mimi niliielewa tarafa ile kwa akili ya mtoto wa Alby, yaani niliielewa vibaya. Palwasha aliniambia kwa fahari kwamba kwao mtu akifanya kosa, serikali inaweza kumkamata binamu yake badala yake, au kufunga maduka ya ukoo mzima. Nikawawaza binamu zangu waliobaki Bujumbura, na tabia zao nilizokuwa nikizisikia kwenye simu, nikaogopa kwenda shule. Akaniambia pia kwamba juu ya tarafa yao kuna nyigu wanaozunguka mchana na usiku, na nyigu akishuka, nyumba haipo tena. Nyigu niliwajua, majira ya joto walikuwa wakija kwenye baraza letu kufuata soda. Mwaka ule sikunywa soda barazani.

Zarwali alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Aliteremka hadi sokoni, kwenye duka la mtu mwenye simu, baada ya sala. Kina Palwasha wote walikusanyika, na mara nyingi na sisi tulikuwepo, kwa maana Mama na Adey walipendana kwa namna ya watu wasio na lugha moja. Walikuwa wakichambua mchele pamoja, kila mmoja akisema yake kwa lugha yake, wakicheka mahali pamoja. Ijumaa moja, katikati ya mazungumzo, Zarwali alinyamaza, kisha akatoka nje ya duka na simu akaielekeza juu. Adey akasikiliza, akampa Mama kifaa naye asikilize. Mama akaniwekea sikioni. Nilisikia mvumo mwembamba usiokatika, kama wa mashine ya kunyolea iliyosahauliwa inawaka.

"Ni wale nyigu," nikasema kwa Kiswidi.

Mama hakujifanya hajasikia. Alirudisha simu, akanishika mkono tukaenda kwetu, akafunga mlango. "Si nyigu, mwanangu," alisema. "Ni ndege hazina mtu ndani. Kwetu kifo kilikuwa kinashuka mlimani na miguu yake, ungaliweza kukimbia. Kwao kiko juu kinawaangalia."

Nisije nikawapa picha kwamba tarafa ile ilikuwa ya vifo tu. Kila vuli ilituletea gunia. Kule kwao hakuna ruhusa ya kugusa msonobari mpaka wazee wakubaliane siku, na atakayetangulia hulipa kondoo. Siku ikifika wanaume hupanda na miti mirefu yenye ndoano, huangusha matunda yangali mabichi, huyarundika chini ya majani hadi yafunguke. Zarwali alisifika kwa kupanda. Adey alisema mikono yake hubaki myeusi kwa utomvu hadi theluji. Mbegu zilisafiri ndani ya mizigo ya msafiri yeyote aliyekuja upande huu, na zilipofika Adey alizikaanga kwa chumvi, na ngazi nzima, hadi kwa yule mzee wa Kiswidi wa chini aliyekuwa hatupendi, ilinukia msitu. Bakuli la kwanza lilikuwa letu. Mgeni hula kabla ya mwenye mti.

Kuna jambo lingine la kwao ambalo sina budi kulieleza, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana nalo. Baba mzazi wa Mama Palwasha alifariki huko kwao kwa uzee, na watu wakaja kuhani. Mama naye akaenda, kama waendavyo watu wa Bujumbura: alipika, akajifunga kitenge, akaanza kulia kwa sauti tangu ngazini. Wanawake waliojaa sebuleni wakamtazama kimya. Aliaibika, akasimama na sufuria yake kama mtu aliyekosea nyumba. Ndipo Adey alipomketisha, akamshika vifundo vya mikono, akamfungulia viganja vitazame juu. Kwao anayeingia msibani hasalimu, hasemi pole. Anakaa, anafungua viganja, na wote waliomo wanafungua vyao, wanamwombea marehemu kimya, wanapangusa nyuso. Baada ya hapo ndipo maneno na chai. Mama alirudi nyumbani akanionyesha, mara mbili, ili siku moja nisije nikaaibika kama yeye.

Vuli iliyofuata, Ijumaa moja simu haikulia. Baba Palwasha akasema barabara imefungwa. Ijumaa ya pili, jeshi limetangaza watu wasitoke majumbani. Kisha simu ya duka ikawa imeharibika. Adey alitikisa kichwa tu, akaendelea kuvuta tasbihi. Uongo ule ulikuwa mwepesi kuaminika kwa sababu tarafa ile ndiyo ilivyokuwa siku zote: imefungwa, haipitiki, haina simu. Ilikuwa imemzoesha mama yule kutosikia.

Siku hizo Mama alinituma nikamletee kikapu kwenye chumba cha kufulia cha jengo, kule chini. Nilipofika mlangoni nikasikia kilio. Mama Palwasha alikuwa ameegemea mashine, Mama amemshika mabega kwa nguvu, na nguo zinazunguka nyuma yao. Nilijua moja kwa moja kuna nini: wanagombea zamu ya kufua. Mnakumbuka watu wazima walivyochukiana kwa zamu za kufua. Nilipanda juu nimekasirika kwa niaba ya Mama, na kesho yake shuleni nikamnyima Palwasha kifutio changu. Alinitazama tu. Hakukiomba tena.

Ukweli niliusikia Jumamosi, nikiwa nimebanwa katikati ya magoti ya Mama Furaha akinisuka. Mama Furaha alikuwa Mkongo wa Bukavu, rafiki wa Mama wa kanisani, mwenye kuchanganya Kiswahili na Kifaransa, na kama watu wazima wote aliamini mtoto anayesukwa hana masikio.

"Ndio mtoto wa yule mzee alikufa kweli?" aliuliza.

"Alikufa," Mama akasema. Alikuwa akikatakata lengalenga, ule mchicha wa kwao, sikuona uso wake. "Walikuwa wanashusha magunia na pikapu, kwenda sokoni. Wengine wanasema kombora la juu, wengine wanasema mzinga wa jeshi. Hakuna mtu anakuja kuwaambia ni nani. Walizika siku hiyo hiyo, kile walichopata."

"Mungu wangu. Na mzee haelewi kitu?"

"Hajui. Mwanawe amekataza. Anasema moyo wa mama yake hautastahimili."

"Basi, voilà. Kama daktari alisema moyo ni mubaya, acha. Ni mambo yao, ma chère. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Kisu kikasimama. "Kitanda hiki nilikilalia, Mama Furaha," Mama alisema. "Weye unajua nilikilalia."

Nilikuwa nikijua kisa hicho, lakini vipande vipande. Siku ile nilikisikia chote, kichwa changu kikivutwa huku na huku. Baba alikuwa dereva wa lori. Aliuawa njiani, wakati wa vita, Mama akiwa na mimba yangu kubwa. Mtaa mzima ulijua. Wakwe walijua, mwuza mkaa alijua, watoto walijua. Wakakubaliana asiambiwe hadi ajifungue, mimba isije ikaharibika. Kwa hiyo kila jioni Mama alipika, akapakua sahani ya Baba, akaifunika. Wifi zake walikaa naye pale pale, wakaitazama sahani, wakamsifu kwa mapishi. Asubuhi aliimwaga, jioni akapika tena. Alipojifungua mimi, wanawake walioshika taa na maji ndio waliomwambia, damu haijakauka.

"Nilimpikia maiti," Mama alisema. "Na wao walinitazama. Nimewasamehe yote, ila kule kunitazama sijasamehe. Sasa miye ndiye namtazama Adey. Kila siku ananiuliza kwa ishara, simu? simu? Na miye nacheka naye."

"Na moyo ukisimama? Utasema nini mbele ya mwanawe?"

"Na usiposimama? Atamngoja mpaka lini?"

Mama Furaha akarudi kwenye msuko. Aliivuta nywele yangu ikauma, lakini sikulia.

Lazima niseme nilivyoelewa, kwa maana ndilo lililonitesa. Tangu nikiwa mdogo kabisa niliamini kwamba Baba alikufa siku niliyozaliwa. Si kwa sababu mtu aliniambia hivyo. Ndivyo nilivyojumlisha mwenyewe. Mpaka siku ile alikuwa na sahani yake, alingojewa, alipikiwa. Mama alipoambiwa, ndipo akafa. Kwa hesabu yangu kifo hakikutokea kule njiani, kilitokea mdomoni mwa wale wanawake. Kwa hiyo Zarwali alikuwa bado hajafa. Alikuwa salama kwenye kiganja cha Adey, na angeendelea kuwa salama ilimradi watu wazima wafunge midomo. Nilimtazama Mama kwa hofu siku zile. Alipovuka ngazi kwenda mlango wa pili nilimfuata kila mara, kumlinda Zarwali.

Kisha gunia likaja. Msafiri mmoja aliyekuwa amekwama huko Peshawar alifika Stockholm na mzigo aliokabidhiwa kabla ya yale yote, na hakuna aliyewahi kumzuia. Alipanda ngazi mchana kweupe, Baba Palwasha yuko kazini, akampa Adey mwenyewe mkononi. Mbegu za Zarwali, zilizochumwa na Zarwali, zenye utomvu wa mikono yake.

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alikaanga zote saa ile ile. Alibisha mlango wetu na bakuli, ushungi umemteleza, Palwasha amesimama nyuma yake kutafsiri.

"Bibi anasema, mmeona? Anasema barabara imefunguka," Palwasha alisema kwa Kiswidi, macho yake kwenye viatu vyetu. "Anasema Zarwali amepanda ule msonobari mkubwa mwaka huu, anazijua mbegu zake. Anasema ule, Mama Neema. Mgeni anaanza."

Neema ni mimi. Palwasha alijua habari za Zarwali. Nilimwona jinsi anavyojua. Aliyasema maneno yote ya bibi yake, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Mama alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akainama kwa heshima. Hakula. Alipofunga mlango akamwaga kahawa yote kwenye mtungi, akazitia mbegu ndani ya kopo, akalibana kifuniko kwa kiganja.

Jumapili tulipotoka kanisani hakubadilisha nguo. Alipika wali na maharage na samaki wa kukausha, akafunga leso nyeusi kichwani. Nikajua. Nilimwuliza tunakwenda wapi ingawa nilikuwa nimeshaona, akasema, "Njoo." Nilijaribu kusema tumbo linaniuma. Alinishika mkono tu.

Ndani walikuwa wote. Baba Palwasha alikuwa nyumbani siku hiyo, amekaa karibu na dirisha na chai. Adey alikuwa sakafuni na sinia lake, anamsimulia Palwasha tarafa upya, birika mahali pake, tasbihi mahali pake, kiganja kimefumbatwa. Aliinua uso akamchekea Mama. Mama hakumsalimu. Aliweka sufuria mlangoni, akavua viatu, akaja akaketi mbele ya sinia, magoti yao yakikaribiana. Akafungua viganja vyake.

Nilitaka kumshusha ile mikono. Naapa nilisogea. Nilimwona Zarwali kabisa, juu ya mti, na mama yangu mzazi anamwangusha.

Mama Palwasha aliziba mdomo kwa ushungi. Adey aliitazama mikono ya Mama, ile aliyoifundisha yeye mwenyewe, na kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni, kimesahaulika pale. Kisha akageuka kumtazama mwanawe. Alimwuliza neno moja. Baba Palwasha alitazama sakafu, akajibu kwa sauti yake ndogo. Baadaye Palwasha aliniambia walichosemezana. Adey aliuliza, "Lini?" Baba yake akajibu, "Kabla ya gunia."

Adey akafumbua kiganja. Mbegu ilikuwa mle, imelowa jasho. Aliinua mikono yote miwili pamoja nayo, na mmoja mmoja wote waliomo wakainua, Mama Palwasha, Palwasha, mwisho kabisa Baba Palwasha, na mimi pia. Tulikaa hivyo. Halafu alipangusa uso, akalisukuma sinia pembeni, akaanza kulia.

Moyo wake haukusimama. Siku zilizofuata ngazi ilijaa viatu, wanaume nyumba moja, wanawake nyingine, watu wametoka hadi Rissne, upande wa pili wa jiji, na mbali zaidi, na Adey aliwapokea wote amekaa wima. Mama alipika mfululizo. Baba Palwasha alingoja matanga yaishe, ndipo akabisha mlango wetu. Hakuingia.

"Ulikuwa mgeni nyumbani mwangu," alimwambia Mama kwa Kiswidi kilichonyooka, kama alichokiandaa ndani ya basi. "Kwetu mgeni tunamfia. Na wewe umemuua ndugu yangu mara ya pili. Mama yangu akifa, na yeye utakuwa umemuua wewe."

Mama alisimama kama mtoto anayekaripiwa. Mimi nyuma yake nilitikisa kichwa. Sikushangaa hata kidogo. Mtu yule alikuwa akisema kile nilichokuwa nikijua.

Adey alifariki kabla theluji haijaisha. Madaktari walisema moyo, na moyo ulikuwa mbovu tangu zamani, lakini nani angemweleza Baba Palwasha hivyo. Walihamia Rissne na hawakuaga. Palwasha aliniachia kifutio chake ndani ya kisanduku chetu cha barua, na sikujua kama ni zawadi au ni jibu.

Kabla ya hapo, mchana mmoja, Adey alikuja kwetu peke yake. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akamshika Mama mkono, akasema maneno marefu sana kwa lugha yake, akitazama mbele, sauti haipandi wala haishuki. Palwasha hakuwepo kututafsiria. Ilikuwa baraka au ilikuwa laana, mpaka leo sijui. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo, mama." Adey akaondoka.

Nilipokuwa msichana mkubwa, nikiwa na ulimi mrefu na hasira za umri ule, nilimwuliza Mama kama alifanya sawa. Nilimwuliza mezani, kwa Kiswahili, ili asipate pa kujificha. Aliangalia sahani yangu.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Mwaka huu, mimi niko Göteborg na kazi yangu na watoto wangu, Mama Furaha alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyororo mno. "Mama yako amelazwa kidogo, mais usiogope. Njoo tu." Nilipanda treni. Njia nzima nilijiambia, amelazwa kidogo, amelazwa kidogo. Nilipotoka kwenye lifti ya Alby niliona viatu vimejaa ngazini, nikavipita kama sijaviona. Ndani walikuwa wanawake wa kanisani, wote na leso zao, wote wakanipokea mkoba, wakanivua koti. Nikauliza amelazwa wapi. Mama Furaha akanikalisha mezani, mahali pa Mama, akanifunulia sahani.

"Kula kwanza, binti yangu. Umetoka mbali. Kula kwanza."

Nilikula. Wao walikaa wakanitazama, wakasema wali umeiva vizuri. Nilitafuna polepole. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nilikuwa nikitafuna polepole kabisa ili Mama asife, maana mpaka hapo hakuna aliyekuwa amesema, na nilijua kwamba ningekaa pale hata hadi asubuhi, na asubuhi nyingine, nikila chochote watakachonipakulia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mabega yameshuka, kofia ya theluji mkononi. Sikumtambua mpaka alipovua viatu na kuvipanga. Alikuwa amekuja kwa treni ya chini ya ardhi kutoka Rissne, peke yake. Mama Furaha alinyanyuka haraka kumzuia, akimwambia kwa Kiswahili, "Baba, subiri, bado hatujamwambia," na yeye hakujua Kiswahili, au alijua vya kutosha. Alimpita. Hakunisalimu, hakusema pole. Alivuta kigoda akaketi mbele yangu, akanitazama usoni, Baba Palwasha, na akafungua viganja vyake.

Niliweka kijiko chini. Nikafungua vyangu.